Ilani za vyama: ni dira ya kweli au siasa za kusaka makofi? Maswali tunayoulizana kila siku

Kijiwe chetu cha kahawa kipo pembezoni mwa Ilala, kule lami inapoishia, na kila uchaguzi ukikaribia maswali ya ilani naletewa mimi, kwa sababu watu wanajua nina tabia ya kuzisoma mpaka ukurasa wa mwisho, za karatasi na zile za PDF zinazorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Nyumbani nina bahasha ya kaki, ndani yake kuna vipeperushi vya kampeni tangu 2010. Kimoja kina ahadi ya daraja la kwenye korongo letu, hilo daraja ntalirudia. Maswali ni yaleyale kila mara, nimeona bora niyaandike pamoja na majibu yangu, asiyekubaliana na mimi aseme, ila tuwe tumesoma kwanza jamani.

Ilani ni nini hasa, na ina tofauti gani na Dira ya Taifa?

Watu wanachanganya sana hapa. Dira ni ya nchi, sio ya chama. Tulikuwa na Dira ya Maendeleo 2025, na hii ya sasa, Dira 2050, ilizinduliwa Dodoma Julai 17, 2025, inataka tukifika 2050 uchumi uwe wa dola trilioni 1 na kipato cha mtu mmoja kiwe dola 7,000 kwa mwaka. Chini ya dira kuna mipango ya miaka mitano mitano, ule wa tatu ulikuwa wa 2021/22 mpaka 2025/26. Ilani sasa ni ya chama, ndo karatasi mgombea anayokuja nayo kuomba kura, anakwambia nikishika dola miaka mitano ntafanya hiki na hiki. Alafu kuna bajeti, inasomwa Juni na kuanza kutumika Julai 1, hapo ndo hela inaonekana au haionekani.

Kwa nchi yetu kuna kitu kingine ambacho wengi hawakioni, ilani ya chama kilichoshinda haifi baada ya uchaguzi. Msikilize mkuu wa mkoa au mkuu wa wilaya akisimama popote, kwenye kisima, kwenye darasa jipya, kwenye zahanati, lazima utasikia "huu ni utekelezaji wa ilani". Watendaji wanaandika taarifa zao kwa kuifuata. Kwahiyo ukisema ilani ni kikaratasi cha kampeni tu unakosea, kwa wao ni kitabu cha kazi kabisa, ni sisi wapiga kura ndo tunaiacha pale uwanjani mkutano ukiisha.

Na hili neno populizimu wanalolitaja kwenye redio maana yake nini?

Kijiweni mimi naita siasa za kusaka makofi. Mtu anagawa watu mafungu mawili, wananchi wema upande huu na wakubwa wabaya upande ule, alafu anajitangaza yeye peke yake ndo sauti ya wananchi, na kila tatizo analo jibu la sentensi moja. Gharama hasemi, muda hasemi, na ukimuuliza unaambiwa wewe ni wa upande wa wale wabaya.

Ila tuwe makini, kuahidi kitu ambacho watu wanakitaka sio kosa. Mama anayechota maji ya chumvi kisimani akiahidiwa maji ya bomba hajadanganywa kwa sababu tu amefurahi. Hata hilo neno lenyewe lina historia tofauti na tunavyolitumia, Marekani miaka ya 1890 kulikuwa na chama cha wakulima, People's Party, wanachama wake ndo waliitwa "Populists", na mwaka 1892 kule Omaha wakatoa ilani iliyodai kodi ya mapato na pia maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe. Wakachekwa, wakashindwa, chama kikafa. Mwaka 1913 yote mawili yakaingia kwenye katiba ya Marekani. Kwahiyo kitu kupendwa na umati hakikifanyi kuwa cha uongo, kinachofanya kiwe uongo ni kuficha bei yake.

Sasa tuambie wewe, ilani zetu ni dira au ni makofi?

Hapa ndo nakaa sana, na jibu langu ni moja tu miaka yote. Dira inachagua. Makofi hayachagui. Ukisoma ilani ukakuta kila mtu atapata, mkulima atapata bei nzuri na mlaji wa mjini atapata chakula cha bei rahisi, machinga atabaki barabarani na mwenye duka atasafishiwa mbele ya duka lake, kodi itashuka na barabara zitaongezeka, ujue pale hakuna aliyefikiria chochote, kuna mtu kaandika orodha ya makofi. Mimi natafuta sehemu inayosema nani atapungukiwa ili nani apate.

Mfano wangu mkubwa hauko hata kwenye ilani ya uchaguzi, ni Azimio la Arusha la Februari 1967. Ukiacha kila kitu kingine, lile lilikuwa na masharti ya uongozi, kiongozi wa TANU, chama kilichotawala wakati ule, au wa serikali asiwe na hisa kwenye kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yaani walioandika walianza kujinyima wao. Hapo unajua hii ni dira, kwa sababu inamgharimu aliyeshika kalamu. Na walipokuja kuyalegeza yale masharti kule Zanzibar mwaka 1991, kila mtu aliyekuwa na akili timamu alielewa nchi imegeuza njia, kabla hata ya vyama vingi kuja 1992.

Nisieleweke vibaya, dira ya kweli inaweza kukosea na ikaumiza watu. Watu walihamishiwa vijijini miaka ya 1970, wengine kwa nguvu, na uchumi ukaja kuyumba mpaka tukapanga foleni ya sukari na sabuni. Wazee wetu hapa kijiweni wanalisimulia lile na hakuna anayetabasamu. Ninachosema mimi, dira unaweza kuibishia, unaweza kuonesha pale ilipokosea, lakini orodha ya makofi huwezi hata kuibishia maana haijasema kitu.

Mfano wa karibu zaidi ni mafuriko. Desemba 2011 Dar ilipigwa mvua, mto Msimbazi ukafurika, watu zaidi ya 40 wakafa, familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Kila uchaguzi tangu hapo tunasikia habari za mifereji na Jangwani. Lakini kumwambia mtu wa bondeni ukweli kwamba hapa hapafai kuishi, utahama, utalipwa kiasi hiki, utaenda kule, hiyo haipigiwi makofi hata kidogo, ndo maana kwenye jukwaa inasemwa kwa kuzungukazunguka. Chama kitakachosimama kule mabondeni Kigogo kikasema hivo kwa sauti na kuonesha hela ya fidia iko wapi, mimi ntakiita chama chenye dira hata kama kura sikipi.

Zile milioni 50 kila kijiji ziliishia wapi?

Hili swali kila mtu anauliza, na linauma. Ilikuwa ahadi ya CCM 2015, milioni 50 kila kijiji kwa ajili ya mikopo ya vikundi. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000. Chukua kalamu, 12,000 mara milioni 50 inakuja bilioni 600, hujaweka mitaa ya mjini kama huku kwetu. Bilioni 600 sio hela isiyowezekana kwa serikali ndani ya miaka mitano, yaani ukigawa ni bilioni 120 kwa mwaka. Kwahiyo sio kwamba ahadi ilikuwa ya kichaa. Tatizo lilikuwa bomba, hela ingepita wapi kumfikia mama wa kikundi, nani angemchagua, asiporudisha nani angemfuata. Hayo maswali ya kuchosha ndo yangetakiwa yawe na majibu kabla ya kupanda jukwaani, na miaka mitano ikaisha vijiji havijaipata ile hela kwa namna iliyoahidiwa.

Linganisha na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilikuwa inasuasua miaka mingi kama maelekezo tu, 2018 ikaingizwa kwenye sheria. Ina matatizo, tena makubwa, CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kila mwaka anaandika mikopo isiyorudi na vikundi hewa, 2023 ikasimamishwa, 2024 ikarudi kwa utaratibu mwingine. Lakini ipo. Kikundi cha akina mama hapa mtaani walikopa wakanunua mashine ya kusaga, na mashine inasaga mpaka leo, ukipita jioni unasikia mlio wake toka barabarani. Kwa nini hii imeishi na ile imekufa? Hii ina chanzo cha hela kilichotajwa kwa asilimia na ina sheria nyuma yake, ile ilikuwa na tarakimu nzuri ya kutamka tu.

Mbona elimu bure ilitekelezwa? Si nayo ilikuwa ya makofi?

Ilitekelezwa, na hapa natoa heshima. Waraka wa elimu namba 5 ulitoka 2015 na Januari 2016 ada ya sekondari ikaondoka mpaka kidato cha nne, ilikuwa elfu 20 kwa shule ya kutwa na elfu 70 kwa bweni. Serikali ikaanza kupeleka mashuleni zaidi ya bilioni 18 kila mwezi. Baadae 2022 ikaongezwa kidato cha tano na sita. Mimi nina mpwa wangu aliyemaliza form four kwa sababu hiyo na sio kwa sababu nyingine, mama yake anauza samaki Feri, ile elfu 20 na michango yake ndo ilikuwa inamrudisha mtoto nyumbani kila muhula.

Ila angalia kilichotokea. Darasa la kwanza 2016 likafurika, watoto wakakaa chini, mwalimu mmoja watoto mia na kitu. Tulishaliona hili, Azimio la Musoma 1974 lilisema kila mtoto aende shule, watoto wakaja, walimu wakatafutwa kwa haraka haraka. Na 2001 ada ya msingi ilipofutwa yakawa yaleyale. Yaani mara tatu nchi imefungua geti kabla ya kujenga darasa. Ahadi ya ada ilikuwa rahisi kuiandika kwa neno moja, ahadi ya walimu wa hesabu haiandikiki kwa neno moja, kwahiyo ya kwanza ikatangulia. Bado nasema ilikuwa sahihi kufungua geti. Ila ilani nzuri ingesema mwaka wa kwanza tutakuwa na madarasa mangapi pungufu na tutafanya nini mpaka yatimie, na wazazi tungevumilia kwa sababu tumeambiwa, badala ya kuambiwa bure alafu unaletewa karatasi ya mchango wa dawati na mlinzi.

Ajira milioni moja, ajira milioni nane, hizo vipi?

2005 CCM waliahidi milioni moja, 2020 ikawa milioni nane. Swali langu ni dogo, ajira ni nini? Kijana aliyebeba zege siku tatu kwenye jengo Goba anahesabiwa? Bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba anahesabiwa? Kama kitu hakijaelezwa kinahesabiwaje, basi siku ya kuhesabu kila mtu atakuja na namba yake. Ahadi ya ajira bila maana ya ajira naipita haraka sana nikisoma.

Na ubwabwa wa Mzee Rungwe, ile si ndo populizimu yenyewe?

Watu walimcheka sana Hashim Rungwe, mgombea urais wa chama cha Chaumma, kwa kuahidi ubwabwa kwenye kampeni. Mimi sikucheka. Pita shule yoyote ya kata huku kwetu saa saba mchana uone watoto waliotoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kitu tumboni, wamegombania daladala, wamesukumwa na makonda, na bado wana vipindi viwili. Chakula shuleni ni sera ya maana kabisa, wazazi wengi wanachangishwa kwa hiyo hiyo. Kilichokosekana pale ni nani analipa, kilo ngapi, nani anapika. Wazo lilitoka kwenye njaa ambayo ipo, likaishia kuwa kichekesho cha mitandaoni kwa sababu halikuwekewa hesabu, na mpaka leo mtu akiongelea chakula shuleni kuna anayemwambia umeanza ubwabwa. Makofi yana hasara hiyo pia, yanaweza kuharibu wazo zuri kwa miaka mingi.

Naweza kukishtaki chama kisipotimiza?

Hapana. Hata Katiba yetu ya 1977 yenyewe, ile sehemu ya malengo muhimu na misingi ya mwelekeo wa shughuli za serikali, ibara ya 7 inasema mahakama haina uwezo wa kuitolea hukumu. Sasa kama malengo ya Katiba hayashtakiki, kipeperushi kitashtakika vipi. Mahakama iliingilia kitu kingine, takrima, ule utaratibu wa mgombea kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu ikasema 2006 unakwenda kinyume na Katiba. Kwahiyo soda na pilau ya mgombea unaweza kuilalamikia, lakini ahadi ya daraja huwezi. Iliyobaki ni kura, Bunge, na kelele zetu.

Mambo yanayotuumiza kweli kweli yanakuwepo kwenye ilani?

Mara nyingi hayapo, na hili ndo linanikera kuliko ahadi hewa zote. Julai 2021 zilikuja tozo za miamala ya simu. Uliza mtu yeyote ni mgombea gani 2020 alisimama akasema mkinichagua ntakata hela kila mkitumiana. Hakuna. Mama akimtumia mtoto aliyeko chuo Dodoma elfu kumi alikuwa anakatwa, mtoto akiitoa alikuwa anakatwa tena, wakala wa pale kona kwetu akakaa siku nzima watu hawaji, wameamua kutumiana hela kwa makondakta wa mabasi. Kelele zikapigwa, Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa asilimia 30, ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata.

Sikatai kodi, barabara hazijengwi kwa maombi. Ila ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge, na wabunge wanaingia Bungeni kwa ilani. Sasa kama ilani ina kurasa za matumizi na haina ukurasa wa makusanyo, mpiga kura amepigia kura nusu ya mkataba. Nusu ya pili anaisoma kwenye meseji ya simu baada ya kukatwa.

Ilani ya chama cha upinzani ina faida gani wakati hawashiki dola?

Faida kubwa kuliko mnavyofikiri. 2010 Chadema na mgombea wao wa urais, Dokta Slaa, walizunguka nchi na elimu bure na katiba mpya. Upande wa pili wengi walisema haiwezekani, hela itoke wapi. Slaa akashindwa. Lakini Desemba 31 mwaka huo huo Rais Kikwete akatangaza mchakato wa katiba mpya, ambao haukuwa kwenye ilani ya chama chake, ikaja Tume ya Jaji Warioba, likaja Bunge Maalum 2014, likatoka lile andiko la Katiba Inayopendekezwa, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa na mpaka leo haijapigwa. Na elimu bure, miaka mitano baadae, ikawa ahadi ya pande zote mbili. 2015 Lowassa na Ukawa, ule muungano wa vyama vya upinzani, wakisema kipaumbele chao ni elimu, elimu, elimu, huku Magufuli wa CCM anasema ada inafutwa, mwananchi akawa ananadiwa kitu kimoja na wauzaji wawili na kila mmoja anaogopa mwenzake atapunguza bei.

Hiyo ndo kazi ya ilani ya aliyeshindwa, inahamia kwa aliyeshinda. Lakini inahamia pale tu aliyeshinda akiwa na hofu ya kushindwa kesho.

Sasa 2025 ilani ilikuwa na maana gani?

Hili naliandika kwa uzito. Chadema hawakuwepo, walikataa kusaini kanuni za maadili Aprili wakaambiwa hawatashiriki, mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo akaenguliwa kwenye urais. Vyama vingine vilikuwepo na vilikuwa na ilani. Oktoba 29 hapa Dar mnajua wenyewe ilivyokuwa, maandamano, risasi, intaneti imezimwa, watu walikufa, na matokeo yakatangazwa Rais Samia kapata asilimia 97.66.

Unaweza kuisoma ilani ya 2025 na ukakuta mambo mazuri ndani yake, yapo. Ahadi ya Rais Samia kwamba ndani ya siku 100 hospitali zisizuie mwili wa marehemu kwa sababu ya deni, ile ilimgusa kila mtu hapa kijiweni, kuna mzee wetu mmoja tulimchangia wiki nzima ili mwili wa mke wake utoke, tulikuwa tunapitisha kofia kwa bodaboda na wauza genge. Lakini swali linalofuata, hospitali itafidiwa na nani ili isikose dawa mwezi unaofuata, linatakiwa kuulizwa na mshindani kwenye mdahalo, mbele ya kamera, mgombea akiwa anatoka jasho. Asipokuwepo wa kuuliza, hata ahadi nzuri inakuwa kama zawadi, na zawadi haina risiti.

Hivi ni sisi tu au wenzetu nao wanadanganywa?

Kuna watafiti walifuatilia ahadi zaidi ya 20,000 za vyama kwenye nchi 12 za Ulaya na Amerika Kaskazini, wakachapisha 2017, wakakuta chama kinachotawala peke yake kinatimiza ahadi nyingi kuliko kinachotawala kwa muungano. Ukilisoma hilo kwa macho ya Kitanzania linachoma, maana CCM imeongoza Serikali ya Muungano peke yake tangu izaliwe 1977, haina wa kumsingizia.

Kenya nao 2013 Jubilee waliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza apate laptopu, zabuni zikagombaniwa miaka, 2016 ndo wakaanza kupewa tableti. 2022 wakamchagua Ruto kwa lugha ya hasla, mtu wa chini, na Juni 2024 vijana walewale wa chini wakaingia barabarani kwa ajili ya muswada wa fedha mpaka akakataa kuusaini. Walishangilia lugha, bajeti ikaja na lugha nyingine.

Naisomaje ilani yenye kurasa mia tatu na mimi ni mtu wa kazi?

Usiisome yote. Tafuta mkoa wako na jambo lako, kama ni maji, maji. Alafu angalia vitenzi. Kujenga, kufuta, kulipa, kuajiri, hivyo vinashikika, siku ya mwisho unaenda kuangalia kimejengwa au hakijajengwa. Kuhamasisha, kuimarisha, kuendelea kuboresha, kuweka mazingira wezeshi, hivyo hakuna siku utamkamata mtu, maana akiitisha semina moja keshahamasisha. Mimi nachukua kalamu ya bluu kwa vya kwanza na nyekundu kwa vya pili, ukimaliza ukurasa wenyewe unajisema. Niliwahi kupiga mstari ukurasa mzima wa vijana, nikapata bluu mbili.

Alafu subiri Juni. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa trilioni 56.49, sio hela ndogo, kwahiyo ukiambiwa hakuna hela uliza imeenda wapi badala yake. Na ripoti ya CAG inafika kwa Rais kila mwisho wa Machi na inawekwa Bungeni baada ya hapo, inapakuliwa bure, kuna sehemu ya halmashauri, tafuta ya kwako. Ukikuta mradi wa mtaani kwenu umeandikwa umekamilika na wewe unapita pale kila siku huuoni, una cha kusema kwenye mkutano wa mtaa, na ukisema kwa namba ya ukurasa mwenyekiti hawezi kukukalisha chini kirahisi.

Tuwe wakweli pia kwa yaliyofanyika. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 lilikuwa ndoto toka enzi za Mwalimu na sasa linazalisha umeme, treni ya SGR mimi nimepanda mpaka Moro, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 watu wakaacha kulala wanasubiri kivuko. Mtu akisema ilani zote ni uongo mtupu simuungi mkono, anawapa nafuu wale wavivu wa kutekeleza, maana kama zote ni uongo hakuna wa kuulizwa.

Na lile daraja lenu liliishia wapi?

Kipeperushi ninacho, kimechakaa kwenye mikunjo, kimeandikwa "daraja la korongoni: litajengwa ndani ya mwaka wa kwanza". Jina la aliyeahidi siliweki hapa. Korongo lenyewe tunavuka kwa magogo mawili ya mnazi, masika ikianza watoto wa shule wanavua viatu wanavishika mkononi, na mama muuza vitumbua anapita na beseni kichwani huku mtu anamshika kiwiko. Bodaboda hawashuki, wanakuacha juu na nauli ni ileile.

Baada ya uchaguzi walikuja watu na futi kamba, wakapima, wakaandika namba kwa rangi nyekundu kwenye mwembe wa jirani. Mwaka uliofuata yakaletwa makalavati manne yakashushwa pembeni, yapo mpaka sasa, watoto wanaingia ndani wanaimba kwa sababu sauti inarudi. Mwaka jana tuliandika barua, hatukuandika kulalamika, tuliuliza maswali mawili tu: daraja hili lipo kwenye bajeti ya mwaka gani wa fedha, na limetengewa kiasi gani. Tukasaini watu 43, nikaipeleka mwenyewe ofisini, wakaigonga muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala yenye muhuri nimeiweka kwenye ile bahasha ya kaki, nyuma ya kipeperushi. Miezi saba sasa hatujajibiwa, na wiki ijayo Jumatatu tunaenda tena, safari hii tunaenda wote waliosaini.